Mianzi na usumba kwenye bwawa la kamba lenye chumvi kidogo: rekebisha maji kwanza

Msomaji wa Pangani, mkoani Tanga, anauliza: "Nina bwawa la mita 20 kwa 20, kina mita moja hivi, nyuma ya mikoko. Maji ya bahari hayafiki mpaka bamvua kubwa, kwa hiyo najazia maji ya kisima yenye chumvichumvi. Kipimo kinasoma chumvi gramu 4 kwa lita. Nilipandikiza vifaranga 6,000 vya kambamiti wale wakubwa wenye milia. Sasa ni wiki ya tisa, wengi hawajafika gramu 5, baadhi magamba ni laini, na nikiwatoa kwa kimia wanakunja mkia na nyama inageuka nyeupe. Jirani ananiambia Bangladesh wanaweka mianzi na matawi bwawani, kamba wanakula utelezi unaoota juu yake na kunenepa. Nina mianzi, makuti na makumbi tele, na fito za mikoko ziko hapo hapo. Niweke? Kiasi gani? Na je, nitapunguza chakula cha dukani?"

Ndugu yangu, weka. Mianzi itakufaa, na usumba, yaani nyuzi za hayo makumbi, utakufaa zaidi. Fito za mikoko ziache. Lakini usianze na hilo. Ile sentensi uliyoipitia haraka, ya mkia kujikunja na nyama kugeuka nyeupe, ndiyo iliyonishtua kuliko zote. Kamba anayekakamaa hivyo akitolewa majini kwa kawaida ana upungufu wa madini, hasa potasiamu. Ukimwekea utelezi mwingi leo bila kugusa maji, atakula na bado atadumaa. Kwa hiyo vumilia nianze na maji, kisha tutafika kwenye mianzi, na utaona kwamba mambo haya mawili yameshikana.

Damu ya kamba ina kiwango chake cha chumvi, naye anajitahidi kukitunza hata maji ya nje yakibadilika. Kwenye maji ya gramu 25 hivi kwa lita, nje na ndani vinakaribiana na kamba hana kazi kubwa. Chini ya hapo maji yanataka kuingia mwilini na chumvi inataka kutoka, na matamvua yanafanya kazi usiku na mchana kuirudisha. Kazi hiyo inakula nguvu, na nguvu inatoka kwenye chakula kile kile ambacho kingekuwa nyama. Kwenye gramu 4 kwa lita, kamba wako yuko kazini saa zote. Isitoshe, kimeng'enya kinachosukuma chumvi kwenye matamvua hakifanyi kazi sawasawa bila potasiamu. Ikipungua, gharama ya kuishi inapanda, misuli inakakamaa, na mwishowe kamba anakufa taratibu, mmoja mmoja, bila wewe kuona mizoga mingi kwa siku moja.

Hapa ndipo kisima kinapoleta shida. Maji ya bahari yenye gramu 35 kwa lita yana potasiamu karibu miligramu 380, magnesiamu karibu 1,300 na kalisi karibu 400 katika kila lita. Ukiyazimua kwa mvua au kwa maji ya mto, yote yanapungua kwa pamoja na uwiano unabaki ule ule: sodiamu mara 28 ya potasiamu, magnesiamu mara 3 ya kalisi. Maji ya kisima yamepita ardhini. Udongo wa mfinyanzi umeikamata potasiamu, mawe yameongeza kalisi, na kinachobaki ni maji ya chumvi ambayo si bahari iliyozimuliwa. Kipimo chako hakiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Tena kama ni ile rifraktomita ya kuchungulia kwenye mwanga, chini ya gramu 5 usiitegemee sana. Mita inayopima jinsi maji yanavyopitisha umeme ni ya uhakika zaidi.

Peleka chupa ya maji ya bwawa na nyingine ya maji ya kisima kwenye mojawapo ya maabara za maji za serikali zilizoko mikoani. Omba wapime sodiamu, potasiamu, magnesiamu, kalisi na ualkali, yaani uwezo wa maji kuzima asidi. Wakikurudishia majibu, fanya hesabu hii: zidisha kiwango chako cha chumvi kwa 10.7 upate miligramu za potasiamu zinazotakiwa kwa lita, kwa 39 upate magnesiamu, na kwa 11.6 upate kalisi. Kwa chumvi ya gramu 4 unatafuta potasiamu 43, magnesiamu 156 na kalisi 46. Hizo ni shabaha tu, na kamba huvumilia kupungukiwa kidogo, lakini akikosa nusu yake utaona.

Tuseme maabara inakuambia potasiamu yako ni 8. Umepungukiwa miligramu 35 kwa lita, sawa na gramu 35 kwa kila mita ya ujazo. Bwawa lako lina mita za ujazo 400, kwa hiyo unahitaji kilo 14 za potasiamu yenyewe. Mbolea ya MOP, ambayo ni kloridi ya potasiamu, nusu ya uzito wake ni potasiamu. Hiyo ni kilo 28. Iyeyushe kwenye ndoo, mwaga kuzunguka bwawa lote asubuhi, na igawanye kwa siku tatu au nne badala ya kuimwaga kwa mkupuo. Usitumie mbolea ya mchanganyiko yenye naitrojeni na fosforasi ukidhani unaongeza potasiamu. Utapata maji ya kijani kibichi na potasiamu kidogo. Na baada ya wiki chache pima tena, kwa sababu tope la chini ya bwawa nalo linaikamata potasiamu, hasa kama ni bwawa jipya lenye mfinyanzi.

Magnesiamu ni ghali kidogo ukiinunua dukani, lakini wewe uko pwani penye majaruba ya chumvi. Waombe wenye majaruba yale maji mazito, machungu, yanayobaki chumvi ikishaganda. Wao mara nyingi huyamwaga. Sehemu kubwa ya chumvi ya mezani imeondoka humo, na magnesiamu pamoja na potasiamu nyingi imebaki. Yachukue, pima sampuli maabara, kisha uyaongeze bwawani kidogo kidogo yakiwa yamezimuliwa. Kosa linalofanywa sana na wafugaji wa maji ya chumvi kidogo ni kununua magunia ya chumvi yenyewe na kuimwaga bwawani ili kipimo kipande. Kipimo kitapanda kweli, lakini umeongeza sodiamu peke yake, na uwiano wa sodiamu kwa potasiamu umeharibika zaidi ya ulivyokuwa. Ualkali nao usishuke chini ya miligramu 100 kwa lita.

Sasa mianzi.

Jirani yako hajakudanganya. Kusini-magharibi mwa Bangladesh, wilaya za Khulna, Satkhira na Bagerhat, watu wanafuga kamba kwenye mashamba yaliyozungushiwa matuta. Kiangazi maji yana chumvi na wanaweka kambamiti wa baharini. Masika yao yakija chumvi inaondoka, wanapanda mpunga na kuweka kamba wa maji baridi humo humo. Matawi ya mianzi na makuti yanawekwa majini ili kamba wajifiche wanapojivua gamba. Afrika Magharibi nako, kwenye ziwa Nokoué kule Benin na maziwa ya pwani ya Ivory Coast, wavuvi wamekuwa wakisimika matawi majini tangu zamani ili samaki wavutwe na chakula kinachoota juu yake. Utaratibu huo unaitwa akaja. Watafiti waliuchukua wakaanza kuujaribu kwenye mabwawa ya perege na ya samaki aina ya kapu (carp), na baadaye ya kamba, wakitumia mianzi, mabaki ya miwa, majani ya mpunga na hata plastiki.

Kinachoota juu ya mwanzi si mwani peke yake. Ndani ya ule utelezi mna diatomu, yaani mwani mdogo wa kahawia, mwani wa kijani, bakteria, vijidudu vya seli moja, minyoo midogo na vijikamba visivyoonekana kwa macho, vyote vimeshikwa pamoja na ute. Ni kama malisho kwa ng'ombe: kamba anatembea juu yake, anaparura kwa miguu yake midogo ya mbele, anakula mchana kutwa na hasa usiku. Kambamiti wako ni mla vyote, na ameumbwa kutafuta chakula akitambaa juu ya kitu. Bwawa tupu lina uso mmoja tu wa kutambaa, nao ni tope la chini, mahali pale pale uchafu wote unapotua.

Faida ya pili haizungumzwi sana, na kwako ndiyo kubwa. Kinyesi cha kamba na mabaki ya chakula hutoa amonia. Bakteria huigeuza amonia kuwa nitraiti, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa naitreti isiyodhuru sana. Kwenye maji ya bahari nitraiti haitishi, kwa sababu kloridi iliyo nyingi inaizuia isipite kwenye matamvua. Kwenye maji yako kloridi ni kidogo na nitraiti inaingia kirahisi. Kuna vipimo vilivyofanywa kwa kamba weupe wa Pasifiki: kiwango salama cha nitraiti kilikuwa miligramu 25.7 kwa lita kwenye chumvi ya gramu 35, kikashuka hadi 6.1 kwenye chumvi ya gramu 15. Wewe uko kwenye 4. Katika bwawa kama lako mimi sipendi kuona nitraiti ikifika hata miligramu 1. Na bakteria wanaomaliza nitraiti hawapendi kuelea. Wanataka mahali pa kushika. Kila mwanzi unaousimika ni makazi yao. Ndiyo sababu mfugaji wa chumvi kidogo ananufaika na vitu hivi kuliko mwenzake wa maji ya bahari, ingawa wote wanaona kamba wakiparura utelezi ule ule.

Ya tatu ni maficho. Kamba hawezi kukua bila kujivua gamba, na akijivua huwa laini kwa saa kadhaa. Kwenye maji yenye madini machache gamba jipya linachelewa kuwa gumu, na wenzake wanamla. Kati ya mianzi anapata pa kujibanza.

Kuhusu fito za mikoko: mikoko ya Tanzania ni hifadhi na huruhusiwi kuikata bila kibali, lakini hata isingekuwa sheria ningekuomba usiiguse. Mikoko hiyo ndiyo malezi ya vifaranga wa kamba wa baharini na ndiyo inayolinda matuta yako na mawimbi. Magome yake pia yana tanini nyingi, ile kemikali chungu ya magome. Pia jihadhari na matawi ya uzio. Mnyaa una utomvu mkali na utupa ni sumu ya samaki ya tangu enzi za mababu. Tawi lolote usilolijua usilitie bwawani. Na kitu kimoja nakusihi kwa dhati: usitumie vyandarua vya mbu vilivyochakaa. Najua viko kila nyumba na vinaonekana vinafaa sana kuning'inizwa. Vimewekwa dawa ya kuua wadudu, na kamba kwa dawa hizo ni sawa na mdudu. Hata chandarua cha miaka kadhaa kinaweza kuua bwawa zima.

Makuti na majani ya mpunga yanashika utelezi haraka, ndani ya wiki mbili unaona. Tatizo ni kwamba yanaoza haraka vilevile, na kuoza kunakula oksijeni. Kwenye bwawa lisilo na mashine ya hewa, na sijaona ukiitaja, makuti mengi mabichi ni hatari. Ukitaka kuyatumia, yatumie makavu, machache, uyafunge mafungu unayoweza kuyatoa yakianza kunyong'onyea. Mianzi inakaa misimu miwili mitatu. Itumie iliyokomaa na kukauka, isiyopakwa dawa ya kuhifadhi mbao wala oili chafu, na iloweke kwanza wiki mbili kwenye maji ya kubadilisha ili utomvu wake utoke.

Usumba ndio ninaoupenda kuliko vyote, na nashangaa mabwawa ya pwani yetu hayautumii. Kina mama wa Unguja na kwingineko pwani wanafukia makumbi kwenye tope la pwani miezi kadhaa, kisha wanayaponda na kutoa nyuzi. Huko kufukiwa kunaondoa tanini, ile inayogeuza maji kuwa rangi ya chai. Nyuzi zinazobaki ni ngumu, haziozi upesi hata kwenye maji ya chumvi, na zimetawanyika kiasi kwamba kipande kidogo kina uso mkubwa sana wa kushika utelezi. Makumbi mabichi kutoka shambani usiyatie bwawani. Nunua usumba uliokwisha kutolewa. Utapata bei nzuri kwa wanaosokota, na fedha itabaki kijijini.

Sasa kiasi. Watu husema "weka matawi kidogo", na kidogo hicho hakibadilishi kitu. Lenga uso wa vitu ulivyoweka uwe angalau nusu ya eneo la bwawa. Bwawa lako ni mita za mraba 400, kwa hiyo unatafuta 200. Kipande cha mwanzi chenye upana wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 80 ndani ya maji, ukikiacha kizima, kina uso wa nje wa mita 0.126 za mraba tu. Ukikipasua mara nne, uso wa ndani nao unafanya kazi na unakaribia 0.2. Vipande 1,000 vitakupa 200. Mwanzi wa mita 6 unatoa vipande 7, maana yake mianzi 143. Ni mingi, najua. Kwa hiyo fanya nusu kwa mianzi, kama 72, na nusu ya pili kwa mafungu ya usumba. Chukua usumba unaojaa kiganja, ufunge kila baada ya shubiri moja kwenye mshipi wa nailoni wenye urefu wa sentimita 80, nyuzi zikitawanyika pande zote, na chini funga jiwe. Fungu moja la namna hiyo mimi hulihesabu kama vipande viwili vya mwanzi, na ni hesabu ya tahadhari. Mafungu 250 yatatosha.

Visimike wima, visilale. Kitu kilicholala kinapokea tope juu yake na diatomu zinakufa kwa kukosa mwanga. Usumba uning'inie, ncha ya chini iwe juu ya tope sentimita 10 hivi. Mwanga ndio mpaka wako: shusha sahani nyeupe iliyofungwa kwenye kijiti mpaka usiione, pima kina hicho, kisha kizidishe mara mbili, chini ya hapo mwani hauoti. Ukipata sentimita 35, mwanga unafika kama sentimita 70, na urefu nilioutaja unakutosha. Maji yakiwa meusi kiasi kwamba sahani inapotea kwenye sentimita 15, nusu ya chini ya mianzi yako itakuwa makazi ya bakteria tu.

Panga mistari kufuata upepo unaovuma zaidi, ili maji yapite katikati badala ya kugonga ukuta. Acha njia ya mita 2 kati ya mistari, na acha eneo la wazi upande wa mlango wa maji na pale unapoweka sinia la kulishia. Bila njia hizo hutaweza kurusha kimia kuwapima kamba, na siku ya kuvuna utang'oa kila kitu kwa hasira.

Kwa kawaida vitu hivi vinasimikwa wiki mbili au tatu kabla ya kupandikiza vifaranga, ili wakute utelezi umeshakomaa. Wewe umeshafika wiki ya tisa. Usisimike vyote kwa siku moja. Anza na robo, na kama una tangi au shimo dogo lenye maji ya bwawa juani, loweka humo zinazofuata ziote utelezi kabla ya kuingia. Kila wiki ongeza robo nyingine, ukitazama oksijeni. Utelezi unatoa oksijeni mchana lakini usiku unaivuta pamoja na kamba. Saa ya kupima ni kabla ya alfajiri, karibu na chini, katikati ya mistari. Ukikuta chini ya miligramu 4 kwa lita, simama hapo, usiongeze kitu. Ukiona kamba wanaelea kandokando asubuhi, toa robo ya mwisho uliyoweka na ongeza maji.

Baada ya wiki mbili vuta kipande kimoja polepole ukitazame. Utelezi mzuri ni wa rangi ya kahawia yenye dhahabu, mwembamba, unateleza kidoleni na haunuki. Hizo ni diatomu, na ndizo zenye mafuta yanayomfaa kamba. Utaona mistari myembamba iliyosafishwa, kama imepitishwa kucha: hapo kamba amekula. Ukikuta utando mzito wa kijani cha bluu au weusi, wenye harufu ya udongo, hiyo ni sianobakteria. Maji ya chumvi kidogo yanaipenda, hasa fosforasi ikizidi, na inaweza kumpa kamba ladha ya tope ambayo mnunuzi ataitambua mdomoni. Dawa yake ni kupunguza chakula na mbolea, kuvitoa vipande vilivyojaa na kuvianika juani siku mbili, kisha kuvirudisha. Na kama kipande chako kina utelezi mnene usioguswa kabisa, maana yake kamba wanashiba chakula cha dukani, au ni wachache kuliko unavyodhani.

Mchukue kamba mmoja umwelekeze kwenye jua. Ule mstari unaopita mgongoni ni utumbo. Ukiwa na rangi ya chakula chako, anakula sinia. Ukiwa wa kijani au wa kahawia iliyokoza, anakula utelezi. Kukiwa na mchanganyiko, hapo ndipo unapotaka afike.

Umeuliza kuhusu chakula. Ndiyo, utapunguza, lakini usifuate asilimia uliyoambiwa na mtu. Utelezi ukishakomaa punguza robo na usimamie sinia: likirudi tupu ndani ya saa mbili na kamba wanaendelea kuongezeka uzito, baki hapo. Likirudi na mabaki, punguza tena. Pima kamba 30 kila wiki kwa mzani wa jikoni. Ukiona uzito umesimama wiki mbili mfululizo, umepunguza mno. Usiongeze molasi kama wanavyofanya kwenye mabwawa yenye mashine za hewa. Molasi inalisha bakteria, bakteria wanavuta oksijeni, na wewe huna cha kuirudisha.

Nikuambie ukweli kuhusu matarajio. Kwa bwawa lako mianzi itakuongezea kwanza idadi ya kamba wanaofika mavuno na itapunguza gharama ya chakula. Ukubwa wa kila kamba utaongezeka pia, lakini usitegemee muujiza, na sehemu kubwa ya kukua utakayoiona mwezi ujao itatoka kwenye potasiamu. Kitu kingine kinachowabana ni wingi. Vifaranga 6,000 kwenye mita 400 ni 15 kwa mita moja ya mraba, bila mashine ya hewa na kwenye maji ya gramu 4. Msimu ujao weka 6 au 8, na wapokee taratibu. Chukua vifaranga waliofika siku 12 au zaidi baada ya kugeuka kuwa kamba wadogo, matamvua yakiwa yameshakomaa, uwashushe kutoka maji ya kituo cha vifaranga hadi maji yako kwa siku mbili au tatu badala ya saa chache. Hatua za mwisho, kutoka gramu 8 kwenda 4, ndizo za kwenda polepole kuliko zote.

Mianzi haizuii ugonjwa wa madoa meupe, ule wa virusi unaoua kamba. Uliingia Msumbiji mwaka 2011 na Madagaska mwaka 2012, na mashamba makubwa yenye wataalamu wengi yaliathirika. Mabadiliko ya ghafla ya chumvi, kama mvua kubwa ya usiku mmoja, huwadhoofisha kamba na kuupa nafasi. Toa maji ya juu ya bwawa mvua ikinyesha, kwani maji ya mvua ni mepesi na hukaa juu, na zuia kaa wasiingie kwa wavu kwenye mlango, maana nao huubeba.

Ukivuna, kausha bwawa kupitia mlango na utege wavu hapo; usijaribu kuwakimbiza kamba kati ya mistari. Toa mianzi na usumba vyote, vipigepige vidondoshe tope na konokono, uvianike juani wiki nzima mpaka vikauke kabisa. Mwanzi uliolegea au unaopasuka ukibonyezwa uweke kuni. Uliobaki mgumu utumie tena, pamoja na usumba, wiki tatu kabla ya vifaranga wa msimu unaofuata. Na kabla hujasimika, peleka tena chupa ya maji maabara.